Kosa la Nusu Mita

Tarehe 3 Februari

Kaka,

Salamu zote unazozijua zipange hapa mwanzoni wewe mwenyewe, maana mimi nina haraka ya kukupa habari. Barabara imefunguliwa! Ile ya mbele ya nyumba yetu, uliyoiacha ina mashimo ya kufugia bata, sasa ni lami tupu, nyeusi, laini, pana, njia nne za magari. Ina wiki tatu tangu ifunguliwe, na nimechelewa kukuandikia kwa sababu kila nikitoka kazini naenda kuitazama.

Na mistari yake, kaka! Kila mstari mweupe kuanzia darajani hadi kituo cha mabasi nimeuchora mimi, pamoja na Kifupi, yule mwenzangu anayeshika ncha ya pili ya kamba. Kila njia tumeipima mita tatu na nusu, kama mchoro wa Mhandisi unavyotaka. Siku ya ufunguzi Mhandisi alinipa mkono mbele ya watu. Mkono wangu ulikuwa na rangi mbichi. Alitabasamu hadi alipoutazama wake.

Mama bado anashona kwenye chumba chake kilekile ng'ambo ya barabara. Zamani alivuka kwa hatua tisa. Sasa amezihesabu, ni thelathini na moja, na anasema akifika upande wa pili amesahau alichofuata.

Ila kuna jambo. Katika wiki hizi tatu fundi baiskeli wa pale kona amevunjika paja, muuza maziwa amepoteza baiskeli na meno mawili, na kondoo wa jirani ni marehemu. Barabara ya zamani ilitutia vumbi tu. Mhandisi anasema ubaya si wa barabara, ubaya ni wa watu wetu: wakaidi, hawajaelimishwa. Ameagiza mabango.

Sasa wewe unaendesha basi huko ugenini, mwaka wa pili huu. Niambie basi wewe uliye na macho: kwa nini huko watu wanavuka na wanafika, na huku wanavuka na wanafika hospitali?

Mdogo wako,
Mchora Mistari


Tarehe 19 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, wenzangu wakataka kujua nacheka nini.

Swali lako ni jepesi. Jibu lake ni tabia. Watu wa huku ni wastaarabu, basi. Mtu akiweka ncha ya kiatu kwenye kivuko, magari yanasimama pande zote mbili kama yamesikia wimbo wa taifa. Hakuna honi. Hakuna matusi. Jana tu tulifika kwenye kivuko, akatokea bibi mmoja na mkongojo wake, anavuka kwa mwendo wa kinyonga. Basi likasimama taratibu kiasi kwamba hata kofia ya dereva haikutikisika kisogoni. Abiria sitini, hakuna aliyeguna.

Mhandisi wenu yuko sahihi. Sisi tumezaliwa na haraka isiyo na safari. Wekeni mabango, fundisheni watu adabu, baada ya miaka mia mtakuwa kama huku.

Mwambie Mama kaka yako anaendesha vizuri sana.

Ni mimi,
Dereva


Tarehe 8 Machi

Kaka,

Mabango yamewekwa. Yako kumi na mbili, yana picha ya dereva anayetabasamu. Moja limegongwa tayari.

Nimeijaribu elimu yako ya tabia. Jumanne nilivaa nguo safi, nikaenda kwenye kivuko nilichokichora mwenyewe, nikaweka ncha ya kiatu kama ulivyoniambia. Gari la kwanza likanipigia honi. La pili likanipigia honi na taa. Dereva wa la tatu alishusha kioo akauliza kama kwetu wamechoka kunilisha. Kaka, huyo wa tatu alikuwa muuza dawa! Yule yule anayembebea Mama mzigo wa vitambaa hadi mlangoni, anayeomba radhi akikukanyaga kivuli. Nikamfuata dukani kwake. Akaruka kwa aibu:

"Dada yangu, kumbe ulikuwa wewe? Mbona sikukuona?"

"Umeniona ukanitukana."

"Nilitukana mtu tu, sikujua ni wewe."

Sasa nisaidie hapo. Tabia yake nzuri inabaki wapi akiingia garini? Kwenye kiti cha nyuma?

Jambo la pili. Nimeisoma barua yako vizuri, kwa kuwa kazi yangu ni kutazama vitu vilivyonyooka na visivyonyooka. Umeandika kofia ya dereva haikutikisika kisogoni. Kaka, ni dereva gani anayekiona kisogo chake mwenyewe?

Mama hajambo. Anapumzika kidogo nyumbani.

Mdogo wako anayetazama,
Mchora Mistari


Tarehe 24 Machi

Mdogo wangu mwenye macho mabaya,

Haya, umenikamata. Siendeshi basi. Ninaosha mabasi. Nayaosha vizuri mno, kuna madereva hapa yadini wanaomkataa mwoshaji mwingine, lakini sijawahi kuliendesha hata moja nje ya geti. Nimefeli mtihani wa leseni mara tatu. Nilitaka kuwaambia nikishafaulu, nao ukawa haufauliki.

Na unajua nafeli kwa nini? Mara ya kwanza mtahini akaandika: "Anayumba bila sababu." Nikamuuliza, nayumba wapi? Akasema, kila baada ya dakika unaenda kushoto, unarudi, unaenda kulia, unakwepa nini? Nikaitazama barabara. Ilikuwa laini kama sahani. Nilikuwa nakwepa mashimo, mdogo wangu! Mashimo ya kwetu! Mikono yangu ilisafiri nayo. Mara ya pili nikafanya hivyohivyo, na juu yake nikampigia honi mpanda baiskeli ili ajue nipo. Mtahini alidhani nina ugomvi naye.

Lakini sikiliza, maana tangu Jumapili silali kwa furaha. Nimegundua nilikudanganya hata pale nilipodhani nasema kweli. Nilikuwa nawaona watu hawa nikiwa abiria. Sasa nina mwalimu wa udereva, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha ghafla, aliyeendesha mabasi miaka ishirini na nane, na nakula chakula cha mchana na madereva wenyewe. Ustaarabu gani! Wana matusi ambayo kwetu hayajavumbuliwa. Juzi mwalimu alinipitisha ile barabara pana ya nyuma ya yadi. Magari yote yalikuwa yanaruka, na yeye akaniambia, "Kanyaga, unatuchelewesha." Tukakata kona tukaingia mtaa wa sokoni, na magari yaleyale, madereva walewale, yakatambaa kama yanaumwa. Nami nikajikuta mguu umetoka kwenye mafuta wenyewe, hakuna aliyeniambia.

Nikamuuliza, "Mwalimu, mbona tumekuwa watu wazuri ghafla?"

Akacheka hadi akashika dashibodi. "Hakuna mtu mzuri hapa. Tazama chini."

Nikatazama. Njia ya gari pale ni nyembamba, vioo vya pembeni karibu visalimiane. Katikati ya barabara kuna kisiwa cha zege, mvukaji anasimama hapo anapumua. Kivuko chenyewe kimeinuliwa kama kizingiti. Ukikipanda kwa kasi, kichwa kinagonga paa. Mwalimu anasema mama yake alikuwa akisimulia jinsi watu walivyokuwa wakifa mtaa huu, na wao pia waliweka mabango ya dereva anayetabasamu. Kisha akaja mtu aliyechoka na mabango akabana barabara.

Nimerudi pale kwa miguu nikaipima ile njia kwa unyayo wangu. Mita tatu, haizidi.

Sasa fikiria ya kwetu. Barabara ile ya zamani nani aliwahi kugongwa? Hakuna! Mashimo ndiyo yalikuwa askari wetu wa barabarani. Hayalali, hayaendi likizo, hayaangalii wewe ni mtoto wa nani. Ninyi mmewafukuza kazi wote siku moja, na badala yao mmeweka picha.

Na sasa zamu yangu ya kukamata. Mama "anapumzika kidogo"? Mama hajapumzika tangu nizaliwe. Kumetokea nini?

Kaka yako,
Mwosha Mabasi


Tarehe 5 Aprili

Mwanangu,

Barua yako imefika dada yako akiwa kazini, nami nikaifungua. Niliyekuzaa sihitaji kubisha hodi.

Kuosha mabasi si aibu. Kusema uongo kwa mama yako ndiyo aibu, lakini hilo tutalizungumza ukija.

Niligongwa na kioo cha gari, siku ya pili ya mwezi uliopita. Si gari zima, kioo tu. Nilikuwa nimefika hatua ya ishirini na sita, mbele yangu wazi kabisa, likatokea kama limetupwa. Mkono wa kushoto umevunjika juu ya kiwiko. Dada yako alinikataza kukuandikia, akasema utaacha kazi urudi. Utarudi kufanya nini? Kuosha mkono wangu?

Shida yangu ni nyingine. Dada yako anataka nihamishe cherehani, nishonee hapa nyumbani, chumba cha uani. Mwanangu, nina miaka thelathini na mmoja katika chumba kile cha ng'ambo. Wateja wangu wanakuja pale kupimwa nguo na kupimana maneno. Nikifungiwa uani nitashona pazia mbili za jirani, kisha nitakufa, na hapo hakuna gari litakalolaumiwa. Nimemwambia nikitolewa plasta nitavuka. Ameniambia nikivuka, yeye atalala barabarani. Tumegombana hadi uji ukaungua.

Nilimsomea barua yako. Tangu hapo ana mambo. Anakaa mezani na kamba yake ya kazini, anaikunja, anaifungua, anaongea namba peke yake. Jana alinipima mimi, urefu wa mabega na upana nikiwa nimebeba kitambaa, kama fundi anayenishonea gauni. Nikamuuliza kulikoni, akasema, "Mama, simama tu."

Wewe umemwandikia nini huyu?

Mama yenu


Tarehe 28 Aprili

Kaka,

Keti kwanza. Umeketi? Nimeifanya.

Rangi ya mistari ile ilikuwa imeanza kufifia kwa sababu ya matairi, na Mhandisi akaagiza tuichore upya katika kipande cha kuanzia duka la dawa hadi kona ya fundi baiskeli. Yaani pale pale kwa Mama. Akanipa mchoro uleule: njia nne, kila moja mita tatu na nusu. Akasafiri kwenda mkutanoni siku kumi.

Sasa kamba yetu ya kupimia ina mafundo, na Kifupi huwa haangalii mchoro, anaangalia fundo. Nikafungua mafundo nikayafunga upya. Nusu mita tu, kaka. Nusu mita kila njia. Kifupi alishika ncha yake, akatazama, akanitazama.

"Bosi, kamba imepungua?"

"Imepungua."

"Imepungua yenyewe?"

"Kifupi, una mama?"

"Ninaye."

"Basi shika ncha."

Akashika. Hakuuliza tena hadi tumemaliza, hata tulipoifunika mistari ya zamani kwa rangi nyeusi.

Sasa piga hesabu: nusu mita mara nne ni mita mbili. Mita mbili hizo nimeziweka katikati ya barabara, nikazichora mistari ya mshazari, na pande zote mbili za kivuko nikapanga yale mapete ya zege ya mtaro yaliyobaki tangu ujenzi, kwa sababu rangi ilikuwa inakauka na ilibidi kuikinga. Rangi imekauka kitambo. Mapete hakuna aliyekumbuka kuyaondoa, hasa mimi.

Kaka, laiti ungeona! Nilikaa kwenye ngazi za duka la dawa na saa mkononi. Kabla ya kuchora, gari lilikuwa linatoka nguzo ya dukani hadi nguzo ya kona kwa sekunde tano. Niliyapima magari arobaini. Sasa ni sekunde tisa! Walewale, kaka! Na hawajui kwa nini! Muuza dawa ameenda gereji mara mbili, anasema gari lake limepungua nguvu likifika karibu na nyumbani. Fundi amembadilishia plagi. Mwenye lori la mchanga anasema siku hizi akifika pale anajisikia kama anaingia chumbani kwa wakwe. Kwa siku kumi sikusikia breki hata moja ikilia, nilidhani nimeziba masikio.

Na Mama amevuka. Ametolewa plasta Jumatano, Alhamisi akavuka. Nilimwahidi kulala barabarani, badala yake nikasimama nimeshika mdomo. Alifika katikati, akasimama kwenye kile kisiwa cha rangi, akahamisha vitambaa kutoka kwapa hili kwenda lile, akamwangalia dereva mmoja machoni, akaendelea. Nilipiga kelele hadi muuza dawa akatoka na dawa ya kutuliza.

Sasa habari ya pili. Mhandisi amerudi. Jana jioni alipita pale na gari lake. Akapunguza mwendo. Akaenda mbele, akasimama, akarudi kinyumenyume. Akashuka akaitazama barabara kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kabati limehamishwa. Leo asubuhi alikuja na tepu ya chuma, akaipima njia ya kwanza, akaandika. Ya pili, akaandika. Kisha akaniita kwa jina langu kamili.

Nimeambiwa nifike ofisini Jumatatu. Akinifukuza kazi nitapata nyingine, nyumba zinapakwa rangi kila siku. Lakini akiamuru mistari irudishwe, mtu mwingine ataichora mita tatu na nusu, mapete yatachukuliwa, na Mama hatakubali kurudi uani. Ameshaonja. Atavuka tu.

Naogopa, na bado kila nikikumbuka zile sekunde tisa nacheka peke yangu.

Mdogo wako,
Mchora Mistari (hadi Jumatatu)


Tarehe 13 Mei

Mdogo wangu!

Umefanya! Nimewasomea madereva barua yako wakati wa chakula, nikiwatafsiria neno kwa neno, na nilipofika kwenye gari la muuza dawa kubadilishwa plagi, dereva mmoja alimwaga supu. Mwalimu wangu anasema ukikosa kazi uje, wewe ni mtu wa kuendesha nchi.

Jumatatu yako imeshapita, lakini Mhandisi akikuita tena usiseme uongo, wewe hujui kusema uongo, ni mimi ndiye ninayejua na unaona nilivyokamatwa. Sema kweli, kisha mwonyeshe namba.

Na namba ninakutumia. Jumamosi mbili tumezunguka mji huu na tepu, mimi, mwalimu na madereva wanne. Tumepima mitaa saba: upana wa njia, urefu wa kivuko, ukubwa wa kisiwa, na mwendo wa magari kwa saa yangu. Miwili kati ya hiyo ni mipana kama yenu, na hiyo ndiyo yenye misalaba na maua ya waliogongwa pembeni. Nilikuwa naipita kila siku sikuwa nimeiona. Wastaarabu wa hapa wanauana kwenye barabara pana kama sisi tu. Mwandikie hivyo Mhandisi wako. Kwa kuwa sijui kama bado una meza ofisini, nakala ya karatasi hizi nimeituma moja kwa moja kwake.

Nimefanya mtihani wa nne juzi. Niliwaza njia yako, mita tatu, kushoto rangi na kulia rangi, nikaona hakuna nafasi ya shimo. Nilienda moja kwa moja kama uzi.

Kuanzia wiki ijayo nikikwambia kofia ya dereva haikutikisika, ujue ni yangu.

Kaka yako,
Dereva (uliza yadini)


OFISI YA BARABARA
Tarehe 30 Mei

Kwa: Mchora Mistari, Kikosi cha Rangi

YAH: KUPUNGUZA VIPIMO BILA IDHINI

Rejea kikao chetu ofisini, ambapo ulitakiwa kueleza kwa nini njia nne za magari zimechorwa kwa upungufu wa nusu mita kila moja. Maelezo yako ya kwanza, kwamba kamba ilinywea kwa kulowa mvua, yamekataliwa. Mwezi huo haikunyesha. Maelezo yako ya pili, kuhusu mama yako na sekunde tisa, yameandikwa kama ulivyoyasema, isipokuwa pale ulipopiga meza.

Ofisi ilifanya ukaguzi kwa siku sita mfululizo. Mkaguzi (ambaye ni mimi) alikaa kwenye ngazi za duka la dawa kwa saa ya mkononi. Ofisi imepokea pia vipimo vya mitaa saba kutoka kwa mtu anayejiita dereva. Mwandiko wake ni mbaya. Namba zake zimehakikiwa, na zinalingana na zako.

Siku ya tatu ya ukaguzi, mkaguzi alisimama katikati ya barabara, ndani ya eneo la kosa lako, akipima. Alifika mwanamke mtu mzima akitokea upande wa nyumba, na vitambaa kwapani. Akasimama hapo hapo, akanisalimia, akaniuliza kama nimekula. Magari yalipita pande zote mbili kwa mwendo wa kawaida. Kisha akaniambia nisogee, nimesimama kwenye njia yake. Nilisogea.

Nimekuwa mhandisi miaka kumi na tisa. Sikuwahi kabla ya siku hiyo kusimama katikati ya barabara niliyoichora.

Kwa hiyo, ofisi inaamua yafuatayo. Kwa kubadili vipimo bila idhini, unapewa onyo kali la maandishi, nalo litakaa kwenye jalada lako. Mabango kumi na moja yaliyosalia yataondolewa, na vyuma vyake vitatumika kuzungushia visiwa. Mwenzako anayeshika ncha ya pili hatapewa onyo, kwa kuwa alipohojiwa alijibu tu kwamba ana mama.

Aidha, unaagizwa kuanzia Jumatatu, saa moja asubuhi, urudie kosa hilohilo, bila kuongeza wala kupunguza, katika vivuko vyote ishirini na viwili vilivyobaki, kuanzia darajani hadi kituo cha mabasi.

Njoo na kamba yako.

Mhandisi wa Barabara